Kitanda Juu ya Baba Mkwe

Mizigo ilikuwa saba. Nilihesabu langoni mwa stesheni, nikahesabu tena tulipovuka askari wa ukaguzi: mabunda mawili ya mapazia ya mtumba niliyokuja kununua Nairobi, begi langu, begi la baba mkwe, kikapu cha chakula, jerikeni ya maji, na mfuko mdogo wa dawa ambao sikumwachia mtu. Baba mkwe mwenyewe sikumhesabu kama mzigo, ingawa ndiye aliyekuwa mzito kuliko vyote.

Alisimama kando ya nguzo, kofia kichwani, kikombe cha plastiki kimebandikwa kwa plasta juu ya jicho la kulia. Jicho la kushoto lilikufa zamani, lilichomwa na jani la muwa kule Shianda siku ambazo bado alikuwa anakata miwa yake mwenyewe. Kwa hiyo lile lililokuwa chini ya kikombe ndilo lote alilobaki nalo duniani. Lilikuwa limepasuliwa, likavimba, likatulia kidogo, na daktari akanipa chupa ya dawa iliyo ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Tone moja kila baada ya saa mbili, alisema, mchana na usiku, bila kuruka, mpaka mzee aonwe kesho katika kliniki ya macho Kakamega. Alale chali. Asiiname. Asitikiswe.

Neno hilo la mwisho ndilo lililotutoa kwenye basi na kutuleta kwenye treni ya usiku.

Hiyo treni naijua. Mwezi wa pili nimewahi kuipanda nikalala na viatu vyangu kwenye kitanda cha jirani kwa sababu jirani hakuwepo, wala jirani wa jirani. Lakini Desemba ni mambo mengine. Desemba mabasi hupandisha nauli mpaka mtu anakumbuka kwamba reli haijawahi kumtukana, na watu wa magharibi wote tunaamua siku moja kwamba tunapenda treni. Tiketi za vitanda zilikuwa zimekwisha kabla ya wiki kuanza. Pale kwenye jukwaa kulikuwa na watu waliokuja bila tiketi, wamebeba magodoro na kuku wa kutaga, wakimwambia kila mwenye sare "mkubwa" kwa sauti ya kulia. Mimi mtu wa soko nikiona bidhaa inagombaniwa hivyo, hushika pochi yangu. Najua hakuna atakayekupunguzia kitu.

Tiketi zetu alinunua shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayefanya kazi ya ulinzi huko Nairobi. Mume wangu ni dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa mpakani akingoja karatasi zake zipite. Shemeji alinyimwa ruhusa ya kusafiri, ndiyo maana mzee akaangukia mikononi mwangu. Nasema mikononi, lakini mikono ndiyo hasa haikutakiwa. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mkono, hawakai kiti kimoja, na hawalali chumba kimoja, hata kidogo. Hata nyumba ya mwanawe mzee halali. Siku zote za matibabu alilala kwa jirani mmoja wa shemeji, mtu wa Khwisero, na asubuhi shemeji alimfuata huko. Mimi kutoka lango la stesheni nilimwongoza kwa fimbo yake: yeye kashika upande wa juu, mimi nimeshika ncha, na katikati yetu kuna mti mkavu wa heshima.

Shemeji akamtia mzee tone la saa kumi na mbili jioni, akanawa, akanipa tiketi huku anatabasamu kama mtu aliyeshinda mnada.

"Shemeji, nimehangaika mpaka nikawapatia pamoja. Chumba kimoja. Mzee chini, wewe juu yake."

Nikasoma namba. Nikasoma tena.

"Juu ya nani?"

"Juu ya mzee. Si ndio umchunge vizuri?"

Nilimtazama kijana huyu aliyezaliwa boma moja na mume wangu, akala obusuma, ugali wa sufuria moja, na nikaona Nairobi imemkula kichwa ikaacha kofia. Alikuwa amefikiria jicho tu. Halafu uso wake ukabadilika, polepole, kuanzia mdomoni.

"Woi," alisema.

Mzee alikuwa amesikia yote. Aligeuza uso wake na kikombe chake kuelekea ukutani.

Kwa asiyejua, niseme hivi: jambo kama hilo likitokea kuna kondoo wa kutolewa ili kusafisha, na kuna maneno ya wanawake wa boma, ambayo huendelea muda mrefu baada ya kondoo kuliwa. Lakini mimi kondoo sikumwogopa sana. Niliogopa ule ugumu wa mzee. Ni mtu ambaye aliwahi kulala kwenye mvua chini ya trela la miwa badala ya kuingia nyumba ambayo mkwe wake alikuwa ameanika nguo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia alale chali chini ya kitanda cha mke wa mwanawe, hatalala. Atakaa wima mpaka Kisumu. Na jicho?

Chumba kilikuwa cha vitanda vinne. Kitanda cha chini upande wa pili kilikuwa na mkulima wa mahindi kutoka Chekalini, mtu mpana mwenye soksi za kijani, ambaye alikuwa ameshavua viatu na kuanza kumenya mayai. Kwenye kitanda cha juu yake kulikuwa na mtu aliyejifunika blanketi kuanzia kichwani, na mpaka leo siwezi kukuambia kama alikuwa mwanamume au mwanamke.

Nilimfikisha mzee mlangoni, nikaachia fimbo, nikabaki nje. Akapapasa, akakaa, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Bwana uliye hapa," alisema kumwelekea mkulima, "mwambie huyo mama kwamba mimi nitakaa tu."

Mkulima akanitazama. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake.

"Mama, mzee anasema atakaa tu."

"Mwambie daktari alisema alale chali."

"Mzee, daktari alisema—"

"Nimesikia. Mwambie daktari hajaoa kwetu."

Mkulima akatia yai zima mdomoni ili asicheke. Treni ikashtuka, ikaanza kwenda.

Nilikuwa na muda mpaka saa mbili kupata mahali pengine pa kulala na mtu wa kutia dawa. Nikashika ujia wa behewa kama ninavyoshika safu za soko asubuhi, mlango kwa mlango, na maneno tayari. Chumba cha kwanza kilikuwa na familia. Watoto wanne vitanda viwili, kuku wa kuchemsha kwenye gazeti, baba anaongea na simu akiambia behewa zima bei ya mbuzi Lugari. Hata hakunisikiliza. "Dada, hapa hata mimi mwenyewe sina kitanda." Chumba cha pili wanawake watatu na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa akiwasomea. Niliwaeleza. Walinihurumia kweli, mmoja hata akapiga makofi ya masikitiko, lakini alipojua kwamba chumba changu kina mkulima, mzee na blanketi lisilojulikana, akasema, "Mama, tungekuongezea maombi. Kitanda hapana."

Katika ujia watu wa mabehewa ya viti walikuwa wameanza kuhamia, mmoja mmoja, wanajifanya wanatafuta choo kisha wanakaa chini hapo hapo na kutandika leso. Mkaguzi wa tiketi akaja akiwafukuza. Akanikuta mimi.

"Mama, kila mtu kwenye namba yake."

"Namba hailali, mwanangu. Anayelala ni mtu. Nipe kitanda kingine chochote, hata cha mlangoni."

"Mama, Desemba hii? Hata mimi nimesimama."

Hapo nikajua dukani bidhaa imekwisha. Nilishika mfuko wa dawa, nikapapasa chupa kwa nje, nikapapasa tena.

Chumba cha tatu ndicho kilichonipa. Alikuwepo mama mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, na mume wake amelala tayari. Treni haijafika hata nje ya mji na mtu huyo alikuwa anakoroma kama mashine ya kusaga iliyokosa mahindi. Wenzao wa vitanda vya juu walikuwa wasichana wawili, wameziba masikio.

"Nakuomba mume wako," nilimwambia.

"Umpeleke wapi?"

"Chumba cha mwisho. Mimi nilale kwake, yeye alale kwangu."

"Mchukue," alisema kabla sijafika kwenye sababu. "Na blanketi nakuongezea."

Kwa tabia tu nikasema, "Na mto?"

"Mto hapana. Usizidishe."

Tulimwamsha, tukamvusha ujia akiwa nusu usingizini, akapanda juu ya kitanda changu na kuendelea pale alipoachia. Mzee alisikiliza koromo hilo la kiume juu ya kichwa chake, akashusha pumzi, akalala chali kwa mara ya kwanza. Nami nikashusha pumzi yangu huko nje. Nilidhani kazi imeisha.

Saa mbili ikafika.

Mkulima alikuwa mtu mwema, na hilo nalisema mapema. Alikubali kutia dawa bila kuulizwa mara mbili. Nilimmiminia maji ya jerikeni akanawa na sabuni, mzee akabandua kikombe mwenyewe, na mkulima akainama juu yake na ile chupa kati ya vidole viwili vilivyozoea jembe. Treni ikaruka kiungo cha reli. Tone la kwanza lilianguka kwenye nyusi. La pili likaenda shavuni. La tatu nadhani liliingia.

"Limeingia, mzee?"

"Kuna maji mahali fulani," alisema mzee.

Nilirudi chumba changu kipya, kwa mke wa mkoromaji, nikainua chupa kwenye taa. Dawa ilikuwa imeshuka. Nikaitikisa, nikaitazama tena, nikapima kwa kucha. Usiku ulikuwa bado na matone mengi mbele yake, na hapo katikati ya Bonde la Ufa hakuna duka la dawa linalokimbia kando ya reli. Tukipoteza mawili kwa kila moja linaloingia, dawa ingeisha kabla hatujaona Muhoroni. Sikulala. Yule mama alinisimulia habari za mume wake tangu uchumba, na sikusikia hata moja.

Saa nne ikawa mbaya zaidi. Sasa taa za chumba zilikuwa zimefifia, na mkulima ametolewa usingizini. Mkono wake ulitetemeka. Tone moja likaanguka kwenye kofia, jingine sikioni, na mzee, aliyekuwa amevumilia yote hayo, akafumba jicho kabisa.

"Basi," alisema. "Mnanioshea uso."

"Mzee, jaribu mara nyingine," nikasema kutoka mlangoni. Nilisahau hata kupitia kwa mkulima. Nilikuwa nimeshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, mguu mmoja ukitaka kuingia na mwingine ukikumbuka. Hatua mbili tu, na mkono wangu hautetemeki. Kabla ya mapazia niliuza mafuta ya kupikia ya kupima, nikijaza vichupa vya wateja mchana kutwa kwa kikombe kidogo, na sakafu yangu ilikuwa kavu. Hatua mbili. Lakini chumbani kulikuwa na kitanda chake, na yeye yuko juu yake, na ningeingia angeweka mkono juu ya jicho na kulifunika mpaka asubuhi. Namjua. Ningevunja mwiko na bado ningepoteza jicho, hasara pande zote mbili.

Mkoromaji akakoroma. Halafu nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

Mzee alikuwa anainuka. Hakuinama, kama alivyoambiwa. Aliteleza kwa makalio mpaka ukingoni, akasimama kwa kushika kitanda cha juu, akapapasa mpaka mlangoni. Mimi nikarudi nyuma mpaka dirishani. Akatoka nje, akasimama katika ujia, mgongo ukutani.

"Bwana wa Chekalini."

"Niko, mzee."

"Hapa nimesimama ni wapi?"

"Ni koridoo, mzee."

"Kuna kitanda hapa?"

"Hakuna. Kuna watu wamelala chini, lakini kitanda hakuna."

"Watu wanapitanga hapa?"

"Wanapita. Hata sasa huyu anataka kupita."

"Basi hii ni njia." Akaegemeza kichwa nyuma. "Mtu akianguka njiani, anaulizwa kwanza ni mkwe wa nani?"

"Haulizwi, mzee. Anainuliwa."

"Mwambie huyo mama."

"Mama—" mkulima alianza, akasimama, akajifuta uso. "Mama, nimechoka kuwatafsiria watu wanaosikizana. Umesikia au hujasikia?"

Nilikuwa nimeshanawa.

Tulifanya hivi. Mzee alivuta kope ya chini kwa kidole chake mwenyewe. Fimbo aliilaza mbele yake, akiishika kwa mkono mwingine, iwe mpaka kati yetu. Mimi nilipanda juu ya bunda la mapazia nililokuwa nimeliacha ujiani, kwa sababu yeye ni mrefu, nikanyoosha mkono juu ya fimbo bila kuigusa wala kumgusa yeye. Sikutia mara moja. Nilisikiliza reli. Inagonga, inanyamaza, inagonga, inanyamaza, na katika kule kunyamaza kuna nafasi kidogo. Nikaacha igonge mara mbili nikiipima. Kisha nikabana chupa.

Mzee akapepesa.

"Hilo," alisema, "limefika nyumbani."

Waliolala chini walikuwa wameamka, na mmoja akasema, "Mama, na mimi macho yananiwasha." Nikamwambia dawa ya macho yake ni tiketi. Watu wakacheka. Mimi nilifunga chupa, nikashuka kwenye bunda.

Baada ya hapo mzee hakurudi kulala, wala mimi. Mkulima alirudi kitandani kwake, lakini mzee alisema kupanda na kushuka kila mara kungemtikisa, na hapo alikuwa na haki. Tukamkalisha mwishoni mwa ujia kwenye bunda la kwanza la mapazia, kichwa kimeegemea ukuta, uso juu. Mimi nikakaa mwisho mwingine kwenye bunda la pili, na katikati yetu wakalala watu wa viti, safu nzima. Simu niliitega ilie, halafu sikuiamini, nikawa naitazama. Tulipopanda kuelekea Mau baridi ikaingia kwenye mifupa, taa zikazimwa, nikapekua begi gizani nikavaa sweta. Kila saa ya dawa ilipofika niliwaruka waliolala, nikasema "hodi" kama naingia nyumba ya mtu, na mzee akajibu "karibu njiani."

Tone la usiku wa manane. La baadaye. La baadaye tena. Kila mara nilitazama chupa kwenye mwanga wa simu, na kila mara nilihisi imepungua kuliko tone nililotoa.

Karibu na mapambazuko mzee alinusa hewa. "Muwa," alisema, bila kumwambia mtu. "Wamechoma shamba." Nikatazama nje, na kweli, Muhoroni, miwa pande zote na moshi mwembamba juu yake. Alikuwa ameigeuza pua dirishani kama mtu anayetazama. Hapo ndipo nilipopata hofu mpya. Usiku kucha niliogopa dawa kuisha. Sasa niliogopa kwamba haikuisha, kwamba matone yote yameingia sawasawa na bado chini ya kikombe hakuna kitu.

Mama mkwe akapiga simu kabla hatujafika Kisumu. Nikaweka sauti ya nje, nikamsogezea mzee simu kwa kuisukuma sakafuni.

"Mmelala wapi?" ndilo swali la kwanza. Shemeji alikuwa ameshaungama.

"Hakuna mtu amelala," alisema mzee.

"Nauliza mlilala chumba gani?"

"Na mimi nakujibu. Mimi sikulala. Huyo mama hakulala. Uliza treni nzima."

Nadhani mama mkwe alikuwa anapima kama kuna kondoo ndani ya jibu hilo. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na jicho?"

Mzee akagusa plasta ya kikombe, akaisukuma simu kwangu kwa fimbo. Nikamwambia tutajua Kakamega.

Kutoka Kisumu tulikodi gari, mzee mbele na mimi nyuma, dereva akiendesha polepole, tukakuta kliniki ya macho Kakamega ina foleni mpaka kwenye nyasi. Wakatuita. Nikamfikisha mzee kwenye kiti kwa fimbo, nikarudi kusimama mlangoni, ubavu kuwaelekea, kama inavyopasa. Daktari, msichana mwenye mikono myepesi, akabandua plasta, akaondoa kikombe, akapangusa. Akauliza nani alikuwa akitia dawa. Mzee akasema, "Ilitiwa njiani." Daktari akaangaza kwa tochi yake muda mrefu. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka ukutani. Nikaanza upya.

"Mzee, fungua. Unaona nini?"

Mzee alifungua, akapepesa.

"Polepole. Chochote."

"Dirisha," alisema.

"Na nini tena?"

Akageuza kichwa kidogo kidogo, kutoka dirishani kuja kwenye kabati, kutoka kabatini kuja mlangoni. Nilihisi jicho hilo likinifikia, nami sikugeuka.

"Daktari," alisema, "mwambie huyo mama sweta ameivaa vibaya. Mishono iko nje."

Nikatazama mkono wa kushoto wa sweta, mishono nje. Nikatazama na wa kulia.